Land Rover ya zamani kwa fedha ya mkulima: pa kuitafutia Dodoma na jinsi ya kuikagua

Ukinipigia simu kuniambia, "Mama, nimeona Land Rover mia na tisa, imepigwa rangi inang'aa, niichukue?", nitakuuliza mambo mawili. Kadi ya gari ina jina la nani? Na ulilala chini ukaitazama tumbo? Kama la kwanza hulijui, na shati lako halina vumbi mgongoni, bado hujaliona gari. Umeona rangi.

Mimi ni mkulima wa zabibu huku Mpunguzi, njia ya Iringa. Nina Land Rover 109 pikapu ya mwaka 1978, ya petroli, inayobeba kreti wakati wa mavuno na samadi wakati mwingine wote. Kwa ajili ya gari hilo watu wamenigeuza mkaguzi: mwalimu anataka, mchungaji anataka, kijana wa wizarani aliyehamia huku na serikali naye anataka ya kwendea shamba lake Chamwino. Nalipwa nauli na sahani ya ugali kwa mlenda, kwa hiyo sina sababu ya kukusifia gari la mtu.

Wapo vijana wanaoota Mustang au Charger za miaka ya 60, zile za Marekani zenye silinda nane. Ndoto haitozwi ushuru. Lakini usukani wake uko kushoto, na sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara. Jaribu kulipita lori la mahindi barabara ya Morogoro huoni kinachokuja mbele. Kioo cha taa kikivunjika, unaagiza ng'ambo. Land Rover ya zamani ina sura, ina sauti, na fundi wa Kizota anaifungua huku anaongea na simu.

Ipi ya kutafuta

Land Rover ya kwanza ilitoka mwaka 1948. Series II ikaja 1958, IIA 1961, kisha Series III ikatengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Namba 88 na 109 utakazosikia ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma: 88 ndiyo fupi, 109 ndiyo ile ndefu iliyobeba wagonjwa, walimu, mbegu na maiti za nusu ya mkoa huu. Kuzitambua si kazi. Taa kubwa zikiwa zimekaa ndani, karibu na wavu wa rejeta, ni gari la kabla ya mwisho wa miaka ya 60. Zikiwa nje kwenye madigadi, ni IIA za mwisho au Series III. Ukiingia ndani, saa za dashibodi zikiwa katikati ya gari ni II au IIA. Zikiwa mbele ya dereva ni III.

Kwa asiye na fedha nyingi nashauri Series III 109 ya petroli, injini ya lita 2.25. Gia zake zote nne za mbele zinaingia laini, tofauti na Land Rover za kabla yake ambazo gia ya kwanza na ya pili zinakutaka ukanyage klachi mara mbili na kusali mara moja. Dizeli ya ujazo uleule inadumu, ila ni nzito wa mwendo, na plagi zake za kupasha moto zimeungwa kwa mfululizo: ikifa moja, zote zinalala. Zile 110 zilizoanza 1983, zenye springi za koili, ni tamu zaidi kuendesha. Lakini kiwanda kiliacha kutengeneza Defender za umbo lile Januari 2016, na wenye nazo wanalijua hilo. Tangu tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, hata mwenye banda la kuku lenye mlango wa Land Rover anakutajia bei kwa kifua mbele.

Na jua mapema kwamba inakunywa. Nikiwa na mzigo napata kama kilomita sita kwa lita, na mwendo wake wa amani ni kilomita 70 kwa saa.

Pa kuitafutia

Usianzie mtandaoni. Za mtandaoni zimeshapita kwa madalali watatu, kila mmoja ameongeza chake kwenye bei na kupunguza kifaa kimoja kwenye gari.

Faida yetu watu wa katikati ni ukame. Dodoma inapata mvua kama milimita 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki chuma kinakauka kweli. Gari lililokaa Tanga au Bagamoyo miaka 20 limeliwa na hewa ya chumvi. Lililokaa Kongwa juu ya mawe muda huohuo linaweza kuwa na chesesi (fremu ya chini) nzima, kilichooza ni matairi na siti. Bahi ni habari nyingine: udongo wa mbuga ile una chumvi, na gari lililokuwa linazama humo kila masika mimi nalikagua kama la pwani.

Zunguka mahali ambako zamani hapakufikika bila gari la namna hii. Misheni na hospitali za makanisa, kama kule Mvumi. Mabwana mifugo na mabwana shamba wastaafu wa Mpwapwa. Wenye mashine za kusaga barabara ya Kondoa. Wafanyabiashara wa mahindi Kibaigwa. Kongwa nako kupite taratibu, maana wamezoea kuishi na vyuma vya watu: Waingereza walileta mradi wa karanga 1947, ukafa 1951, na mtu wa Kongwa mpaka leo hatupi bolti.

Wanaojua zaidi ya wote ni wanunuzi wa chuma chakavu. Wanalijua kila gari lililokufa kuanzia Manyoni hadi Gairo, kwa sababu wanasubiri familia ichoke nalo. Mpe mmoja wao soda na namba yako, mwambie utazidisha juu ya bei ya kilo. Siku ya mnada wa Msalato nako, swali moja likitupwa kwenye kibanda cha nyama choma linafika vijiji ambavyo wewe hutafika. Mwezi mmoja baadaye simu italia.

Ukimpata mwenye gari, usianze na bei.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kivulini."

"Asante, mzee. Nimepita hapa nikaliona gari lako pale kwenye mbuyu."

"Lile haliuzwi."

"Sijaja kulinunua, mzee. Nauliza tu, lilikuwa la wapi?"

Hapo amefunguka. Utaambiwa lilinunuliwa kwa wamisheni, lilivuka Mto Ruaha wenzake wakiwa wamekwama, giaboksi ilifunguliwa na fundi gani na lilipinduka kona ipi. Nusu ya ukaguzi unaufanya ukiwa umekaa na kikombe cha chai, kwa hiyo sikiliza, na kumbuka hasa lilikopinduka. Ukirudi, beba sukari. Mara nyingi bei anaitaja mama wa nyumba, ambaye ameona kuku wakitagia kwenye siti ya mbele miaka yote hiyo na hana hadithi ya Ruaha.

Kadi kabla ya injini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu injini hupatikana lakini kadi ikikosekana umenunua jiko la mkaa lenye usukani.

Taka kadi yenyewe, usikubali kivuli chake. Soma namba ya chesesi na namba ya injini, kisha ukazitafute kwenye chuma. Namba ya chesesi kwenye Series imegongwa upande wa kulia mbele, pale springi inapofungwa kwenye chesesi. Itakuwa imefunikwa na rangi na tope, kwa hiyo nenda na brashi ya waya, mafuta ya taa kidogo na chaki. Ukisugua chaki juu yake namba zinajitokeza. Kibaji kilichopigwa ripiti ndani ya gari kisikutoshe, maana ripiti hata mtoto wa gereji anaitoa. Kibaigwa niliwahi kuonyeshwa moja ya kijani, nzuri, inawaka kwa mara ya kwanza. Niliposugua pale mbele nikakuta chuma kimekatwa na mashine na namba zimegongwa upya, moja juu nyingine chini kama meno ya mtoto. Nikamwambia muuzaji naenda benki. Mpaka leo niko benki.

Namba ya injini isipofanana na ya kadi si lazima iwe wizi. Land Rover nyingi zimewekewa injini za Toyota, Nissan au Isuzu, na mwenyewe hakuwahi kwenda TRA kubadilisha taarifa. Kazi hiyo inafanyika, lakini afanye yeye kabla hujalipa, au gharama yake itoke kwenye bei. Gari lenye namba za zamani za TZ, ambalo halikubadilishiwa namba wenzake walipobadilishiwa, lina safari ndefu zaidi ya makaratasi. Mimi nalihesabu kama spea mpaka mwenyewe anithibitishie vinginevyo.

Kisha jina. Nusu ya magari haya kadi zake zina majina ya marehemu. Mtoto mkubwa atakwambia, "Mzee aliniachia mimi," na huenda ni kweli, lakini sheria haimjui kwa maneno hayo. Anayeweza kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa familia nyingi hiyo ni Mahakama ya Mwanzo, na karatasi ya kuomba kuonyeshwa ni Fomu Na. 4. Kama hawana, usitoe hata kishika uchumba. Waambie wakae kikao cha ukoo, wapeleke muhtasari mahakamani, wewe utasubiri. Wengine wanakasirika. Ila mdogo wake aliyeko Mwanza akirudi likizo akakuta gari la baba yake limebeba zabibu zako, hasira zake zitakuwa kubwa zaidi.

La kanisa halisainiwi na mchungaji wa parokia peke yake, hata awe mtakatifu. Mali za kanisa zinamilikiwa na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, nao ndio wa kutoa barua. Lililokuwa la mradi wa wafadhili, lenye namba za DFP, liliingia nchini kwa msamaha wa kodi, na likienda kwa mtu binafsi kodi ile inadaiwa. Uliza imelipwa na uone stakabadhi.

Madeni madogo yanafuata namba ya gari: faini za trafiki zinaangaliwa kwenye mfumo wa polisi, na ada za maegesho nazo ziulizie. Ile ada ya mwaka ya leseni ya gari tuliyokuwa tunabandika kwenye kioo ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo mtu asikuuzie hofu ya kwamba utalipa kila Januari. Mkataba andikeni mbele ya wakili, mashahidi pande zote mbili, mke wa muuzaji akiwepo na akisaini. Halafu nendeni TRA mkabadilishe jina. Usikubali ile ya "tutabadilisha tu siku yoyote". Mzee wa miaka 80 usimpangie siku yoyote.

Sasa lala chini

Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa cha mgao kule Uingereza. Ndiyo maana gari linaweza kusimama miaka 40 bodi ikiwa nzima huku chini limekwisha. Chesesi ni boksi la chuma, na kutu yake inaanzia ndani ambako huioni. Beba nyundo ndogo. Gonga kuanzia mbele hadi nyuma, kila kiganja kimoja. Chuma kizima kinalia; kilichooza kinajibu kwa sauti ya mfuko wa unga. Gonga zaidi kwenye mti wa nyuma kabisa unaopokea tope la magurudumu, kwenye mikono inayoshikilia bodi, na pale springi zinapofungwa. Ukikuta lami imepakwa nene sehemu moja tu, uliza kwa nini sehemu moja tu.

Baada ya hapo nenda nyuma ya gari, chuchumaa, funga jicho moja. Miti miwili ya chesesi inyooke kwa usawa. Kama lilipinduka kona ile uliyoambiwa kivulini, hapa ndipo litasema. Angalia na ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva. Ule si aluminiamu, na pale chini unapoweka miguu huoza mpaka ukaona barabara. Hilo fundi wa kuchomelea analimaliza kwa siku chache. Chesesi iliyooza haimaliziki hivyo, na mimi huwa nafunga mkoba hapohapo.

Chukua sumaku ya spika mbovu uipitishe kwenye madigadi. Isishike. Ikishika, mtu aliweka bati la chuma, na pale aluminiamu ilipokutana na chuma, aluminiamu inaliwa.

Injini ya gari lisilo na betri nayo inakaguliwa. Series ina tundu la hendeli mbele. Weka gia huru, ingiza hendeli, zungusha polepole, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, maana ikirudi nyuma inavunja. Usikie mikazo minne inayofanana. Mmoja ukiwa laini, valvu au ringi za silinda hiyo zimechoka. Ikigoma kabisa kuzunguka, pistoni zimeshika, na bei ishuke papo hapo. Chomoa kifuniko cha oili: ukikuta uji mweupe, maji yameingia. Kwetu Dodoma kuna ugonjwa wake pia. Maji ya visima vyetu ni mazito kwa chumvi, na mtu aliyejaza rejeta kwa maji ya kisima miaka kumi ameziba njia za ndani kwa magamba. Likiwaka, subiri lipate moto, kisha pitisha kiganja mbele ya rejeta kuanzia juu hadi chini. Penye ubaridi pameziba.

Likiwa linatembea, lipeleke mlima wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Kupanda, usikilize nguvu. Kushuka kwa gia ya tatu, achia mafuta ghafla. Gia ikiruka yenyewe, giaboksi inataka kufunguliwa. Mkishuka, mtu wa nyuma atazame moshi: wa bluu ni oili inaungua. Breki zote nne ni za ngoma. Zikivuta upande mmoja usiogope. Pedali ikifika chini mpaka uipampu ndipo ishike, mara nyingi zinahitaji kukazwa tu. Usukani utakuwa na uhuru kidogo, zote zinao, ila usipitilize upana wa vidole vitatu. Nyuma ya magurudumu ya mbele kuna bakuli za chuma zinazong'aa. Zikiwa zimeliwa vishimo, zitakata sili na kumwaga oili kila mwezi.

Mwisho tafuta korongo lenye mchanga. Bonyeza chini kile kirungu cha njano, linaanza kuvuta na magurudumu ya mbele. Simama kabisa, vuta nyuma chekundu, linaingia gia nzito. Muuzaji akisema "hicho huwa hatukitumii", maana yake hakifanyi kazi.

Kuhusu bei sitakudanganya kwa tarakimu, zinabadilika. Mimi nina kipimo changu: lililo juu ya mawe, chesesi nzima, kadi safi, nikitajiwa zaidi ya bei ya bodaboda nne mpya nashukuru kwa chai naondoka. Linalotembea naliongezea, lakini nachukua karatasi na kuandika mbele ya mzee kila nilichokikuta kibovu na bei ya spea yake, tunatoa pamoja. Wazee wanaheshimu hesabu kuliko maneno. Kwa hiyo bei za spea zijue kabla hujaenda: pigia watu wa Gerezani Dar es Salaam na Unga Limited Arusha. Siku hizi unaweza kupanda treni ya SGR asubuhi, ukachagua kifaa Gerezani kwa mkono wako, jioni ukala kwako Dodoma. Giaboksi itume kwa lori.

Likishakuwa lako, usiliendeshe kulipeleka nyumbani. Libebe. Lililokaa miaka lina mipira ya breki iliyopasuka, na barabara ya Morogoro haina huruma. Kisha breki zote mpya, mipira yote ya maji na mafuta mipya, oili za injini, giaboksi na difu zote mbili zimwagwe hata kama mzee ameapa alibadilisha juzi. Safisha tangi la petroli, mara nyingi liko chini ya siti na limejaa kutu na uchafu. Baada ya hapo ndipo uwashe. Na ukikuta jirani na pale kuna 109 nyingine iliyooza chesesi lakini injini inazunguka, inunue kwa ajili ya spea hata kama huna pa kuiweka. Kwangu Mpunguzi kuna banda. Kodi yake ni debe moja la samadi kwa mwezi.